Kuhamisha wanafunzi kutoka daftari na Excel kwenda kwenye mfumo wa shule bila kulia

Nimeandika hii maana nimechoka kujibu swali lilelile kwa voisi noti. Kazi yangu ni kufungia shule mfumo wa taarifa za wanafunzi, nipo kwenye kampuni ndogo tu huku kanda ya ziwa, na kila shule ikishasaini mkataba siku mbili hazipiti mtaaluma (mwalimu wa taaluma) ananipigia, "kaka mbona mfumo wenu mbovu, nimepandisha shule nzima umekubali watoto nusu". Namwambia nitumie hilo faili mwalimu wangu. Nikifungua nakuta jina la mama limekaa kwenye tarehe ya kuzaliwa, namba za simu hazina sifuri, na Kidato cha Kwanza kimeandikwa kwa staili sita.

Kwahiyo hapa nakuelekeza jinsi ya kuandaa orodha yako mpaka iingie, mfumo wowote ule ulioununua, maana karibu yote inapokea taarifa kwa njia moja, faili la Excel au CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu). Mifano yangu ni ya shule za Tanzania. Wa Kenya mtabadilisha vitu vichache tu, pale nitakaposema PReM (mfumo wa NECTA, baraza la mitihani, unaompa mwanafunzi namba yake) nyie wekeni UPI, namba yenu ya mwanafunzi.

Jambo moja kabla hatujaanza, maana hili nalo naulizwa sana: kununua mfumo wa kampuni hakukuondolei kujaza SIS ya TAMISEMI (mfumo wa serikali wa taarifa za shule) wala PReM ya NECTA. Hizo za serikali zipo palepale. Mfumo wako ni wa kazi za ndani ya shule, mahudhurio, maksi, ada, meseji kwa wazazi. Kama muuzaji kakwambia vinginevyo mwambie akuonyeshe kwa macho, sio kwa mdomo.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Daftari la uandikishaji, lile kubwa la jalada gumu. Sio orodha iliyobandikwa ukutani, ile ilitolewa kwenye orodha nyingine iliyotolewa kwenye nyingine.
- Orodha ya namba za PReM za wanafunzi wako. Sekondari pia, watoto wengi wamekuja nazo kutoka msingi.
- Madaftari ya mahudhurio ya madarasa yote ya mwezi huu. Utaona kazi yake hatua ya 2.
- Kitabu cha ada cha mhasibu, kile anachokiamini yeye mwenyewe.
- Templeti ya kampuni, yaani lile faili tupu la Excel lenye vichwa vya kolamu. Ukikosa iombe, usitengeneze ya kwako.
- Kompyuta yenye Excel. Simu haitoshi kwa kazi hii, nimeona watu wanajaribu, wanaishia kuchanganya mistari.
- Mtu MMOJA mwenye faili. Wengine wanamletea yeye. Faili likishaanza kuzunguka kwenye grupu la WhatsApp la walimu, kufika Ijumaa mna mafaili manne na kila moja lina ukweli wake.

Muda: shule ya watoto mia nne hivi, watu wawili, tenga wiki nzima ya likizo. Desemba ndio nzuri. Ukianza Januari wazazi wakiwa wamepanga foleni ya ada dirishani hutamaliza, na mwenye shule atakuwa anauliza kila saa kumi jioni.

HATUA

1. Soma mkataba kabla hujatoa jina la mtoto hata mmoja.

Najua unaona hii ni ya mkuu wa shule, ila wewe ndio utakayekaa na huo mfumo. Tafuta majibu ya vitu vinne. Taarifa ni za nani, jibu liwe za shule. Tukiachana mnanipa taarifa zangu zote kwa Excel, ndani ya siku ngapi na kwa bei gani. Bakapu (nakala za akiba) zinachukuliwa kila lini na zinakaa wapi. Meseji za wazazi zimo kwenye bei au zinanunuliwa pembeni. Hilo la pili ndilo linaloumiza, nimeshapokea shule zilizotoka kwenye kampuni nyingine zikiwa na picha za skrini tu, miaka mitatu ya maksi imebaki huko, tukaanza kuchapa upya mstari kwa mstari.

Na sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwahiyo ukiulizwa na mzazi kwanini namba yake ipo kwenye kompyuta ya kampuni fulani, unatakiwa uwe na jibu na karatasi.

2. Hesabu vichwa.

Kabla ya kuchapa chochote pita darasani na daftari la mahudhurio, hesabu watoto waliopo, andika pembeni kwenye karatasi: Kidato 1A wangapi, 1B wangapi, mpaka mwisho. Utashangaa. Daftari la uandikishaji litasema 58, darasani wapo 51, wawili walihama mwaka jana, mmoja mtoro wa muda mrefu, wanne hakuna anayejua. Hii karatasi ndio kipimo chako cha mwisho, ukishapandisha namba kwenye mfumo lazima zilingane nayo. Bila hii karatasi huwezi kujua kama umepoteza mtoto.

Watoro na waliohama usiwachanganye na waliopo. Waweke shiti ya pembeni, utawaingiza baadae kwa hali yao.

3. Tengeneza madarasa, mikondo na masomo kwenye mfumo kwanza.

Wengi wanakimbilia majina. Mfumo ukipokea mwanafunzi wa darasa ambalo haulijui unamkataa, alafu unaniambia mfumo mbovu. Ingia kwenye mipangilio, tengeneza mwaka wa masomo, madarasa, mikondo, masomo. Amua jinsi ya kuandika na usibadili tena. Kompyuta haijui kwamba "Form 1A", "F1A", "FORM ONE A" na "Kidato cha 1 A" ni chumba kimoja, inaona vyumba vinne. Kopi jina la darasa kutoka kwenye mfumo ulipesti kwenye Excel, usichape kwa mkono.

Kwa wenye kidato cha tano na sita kumbukeni mwaka wao unaanza Julai. Uliza kampuni kama mfumo unakubali miaka miwili tofauti ndani ya shule moja, uulize sasa sio Juni.

4. Jaza templeti.

Usifute kolamu, usiongeze, usibadili mpangilio wake, usipambe na rangi wala kuunganisha seli. Kolamu zenye shida ni hizi:

Majina. Andika matatu, kama yalivyo kwenye PReM, sio kama mnavyomwita. Mwanafunzi ni MARIAM kule alafu wewe umeandika Mariamu, siku ya kulinganisha orodha za mtihani utakesha. Tumia herufi kubwa zote. Kuna wajanja wanatumia fomula ya PROPER ili majina yapendeze, sasa huku kwetu Usukumani ina kituko chake, kila herufi inayofuata alama inaifanya kubwa, kwahiyo Ng'wandu anakuwa Ng'Wandu. UPPER inatosha.

Jinsia. Angalia templeti inataka nini. Kama inataka M na F usiandike ME na KE. Na ukishaandika "M" ukiwa na maana ya mwanamke, basi umejaza bweni la wavulana mabinti, hii imetokea kweli na matroni hakufurahi.

Tarehe ya kuzaliwa. Hapa ndio kaburi. Kompyuta nyingi zinakuja zimesetiwa Kimarekani, mwezi unatangulia siku. Ukichapa 03/04/2011 ukimaanisha tarehe tatu Aprili, inasoma tarehe nne Machi wala haikuambii. Ukichapa 25/04/2011 inashindwa maana hakuna mwezi wa 25, inaiacha kama maneno tu. Kwahiyo unapata kolamu ambayo nusu imegeuzwa na nusu haijaguswa. Jinsi ya kujua: panua kolamu, angalia. Tarehe inayoeleweka inalala upande wa kulia wa seli, isiyoeleweka inalala kushoto. Ukiona zingine kulia zingine kushoto simama hapohapo. Dawa ni kubadili eneo la kompyuta liwe Tanzania au Uingereza KABLA ya kuchapa, na kuandika kwa mtindo ambao templeti imetaka, mwingi ni mwaka-mwezi-siku, 2011-04-03. Usijaribu kuzirekebisha baada ya kugeuka, huwezi tena kujua ipi iligeuka, rudi kwenye daftari.

Simu ya mzazi. Excel ikiona 0712 na kuendelea inadhani ni hesabu, inakula sifuri ya mbele. Chagua kolamu nzima, bonyeza kulia, Format Cells, chagua Text, ndio uanze kuchapa. Ukifanya hivo baada ya kuchapa haisaidii, sifuri imeshaliwa. Na andika jina la mwenye simu, maana "mama Neema" wapo wanne.

5. Safisha.

Sasa una mistari mia nne na imejaa uchafu usioonekana. Nafasi mbili katikati ya jina, nafasi moja mwishoni, hivyo vyote kwa kompyuta ni jina tofauti. Tengeneza kolamu ya pembeni ya muda tu, utaifuta kabla ya kupandisha, uweke:

=UPPER(TRIM(B2))

Ivute mpaka chini, kopi, alafu upesti kama Values juu ya ile ya zamani. Kwa simu, hii inasafisha zote hata kama moja imeanza na 0, nyingine na +255, nyingine sifuri imeliwa:

="255"&RIGHT(SUBSTITUTE(F2," ",""),9)

Alafu pembeni yake =LEN(G2), kila jibu liwe 12. Likiwa tofauti na 12 namba ina upungufu, rudi kwenye daftari au mpigie mzazi. Likiwa 12 bado sio ushahidi kwamba namba ni sahihi wala kwamba ni yake, maana iliyoanza na 0 ikapungua tarakimu moja nayo inatoa 12.

Alama ya ng' nayo. Majina kama Nyang'oro, Ng'wandu, Mang'ombe. Ukichapa kwenye kompyuta unapata alama iliyonyooka ('), ukikopi kutoka Word au kutoka simu ya mwalimu unapata iliyopinda (’). Machoni ni moja, kwenye kutafuta ni mbili, utamtafuta Nyang'oro hutampata na yupo. Bonyeza Ctrl+H, juu pesti iliyopinda, chini weka iliyonyooka, Replace All. Utaniombea kwenye hatua ya 11.

6. Tafuta waliojirudia, kwa macho.

Excel ina kitufe cha Remove Duplicates. Nakuomba usikiguse. Na mimi nikuambie kwanini, maana kosa lilikuwa langu.

Shule moja ya msingi, mwaka wangu wa kwanza kazini, orodha ilikuwa ndefu na ilishagonga saa mbili usiku. Nikachagua jina la baba, tarehe ya kuzaliwa na simu ya mzazi, nikabonyeza. Ikaniambia imefuta sita, nikajisifu. Wiki ya pili tunatuma matokeo ya majaribio kwa meseji, mzee mmoja akapiga simu shuleni, mpole kabisa, anasema, "Mwalimu, nimepata ya Kulwa. Doto mmemuweka wapi?"

Pacha. Baba mmoja, tarehe moja, simu moja. Huku kwetu kila shule ina Kulwa na Doto wake, na kwenye wale sita niliowafuta watatu walikuwa Doto. Wawili tuliwarudisha siku hiyo, wa tatu tulimgundua kwenye mahudhurio, mwalimu wa darasa anasema huyu mtoto anakuja kila siku ila kwenye tableti hayupo.

Kwahiyo fanya hivi. Futa ile kolamu ya LEN, mahali pake, kolamu H, weka =B2&E2, yaani jina kamili na tarehe ya kuzaliwa pamoja. Inayofuata weka =COUNTIF(H:H,H2). Wenye 2 na kuendelea wachuje, kaa nao mmojammoja na mwalimu wa darasa. Kufuta afute binadamu. Na wale wenye namba moja ya PReM kwa watu wawili ndio wa kuwahi kwanza, mmoja kachapwa vibaya. Mtoto aliyehamia kwako anakuja na PReM yake ileile, usimtafutie mpya.

7. Pandisha darasa moja tu.

Sio shule nzima. Chukua mkondo mdogo kuliko yote, ihifadhi kama faili lake, pandisha. Kama mfumo unataka CSV, hifadhi kama CSV kisha USIIFUNGUE tena na Excel kuangalia, maana ukiifungua na kuisevu inaharibu namba upya na tarehe zinageuka upya. Ukitaka kuichungulia tumia Notepad.

Ikishaingia fungua watoto watano kwenye mfumo, linganisha na daftari la uandikishaji: jina, jinsia, tarehe, simu. Tarehe chagua za watoto waliozaliwa siku ya 1 mpaka 12 ya mwezi, ndio zinazogeuka kimya. Linganisha na idadi kwenye ile karatasi ya hatua ya 2. Ikiwa sawa endelea na mkondo wa pili. Ikiwa sio sawa futa huo mkondo mmoja, rekebisha, rudia. Kufuta watoto 40 ni dakika, kufuta 400 ambao wameshachanganyika ni kunipigia mimi, na mimi nitakuwa kwenye basi la Kahama mtandao unakatakata.

8. Ada: ingiza salio, sio historia.

Watu wanataka kuingiza risiti zote za miaka mitatu. Acha. Chagua siku moja, tuseme 31 Desemba, kila mtoto mhasibu aandike anadaiwa kiasi gani au amezidisha kiasi gani, hilo ndio salio la kuanzia. Risiti za zamani zibaki kabatini. Angalia alama, kwenye mifumo mingine deni ni chanya na ziada ni hasi, mingine kinyume. Jaribu kwa mtoto mmoja unayemjua anadaiwa, uone inasoma anadaiwa. Alafu jumlisha madeni yote, ulinganishe na kitabu cha mhasibu mpaka shilingi ya mwisho. Mhasibu asaini hiyo karatasi. Bila saini Machi utasikia "mfumo umeongeza deni".

9. Weka madaraja ya maksi sawasawa.

Kampuni nyingi zinakuja na madaraja tayari, hakiki. Kidato cha nne kwa NECTA: A ni 75 mpaka 100, B 65 mpaka 74, C 45 mpaka 64, D 30 mpaka 44, F chini ya 30. Pointi ni A 1, B 2, C 3, D 4, F 5, zinachukuliwa masomo saba bora. Division one ni pointi 7 mpaka 17, two 18 mpaka 21, three 22 mpaka 25, four 26 mpaka 33, zero 34 na 35. Kidato cha sita ni vingine kabisa, A inaanzia 80, kuna E na S. Mtoto wa kidato cha tatu mwenye 45 ana C, ukimuwekea madaraja ya kidato cha sita anapata E, na mzazi wake atafika shuleni kabla ya ripoti haijakauka wino.

Jaribu kwa mkono. Mtoto mwenye A mbili, B mbili, C tatu ana 1+1+2+2+3+3+3, ni 15, division one. Mfumo ukisema kingine kuna kitu hakipo sawa.

Na hii ishike: sifuri ni maksi. Mtoto ambaye hakufanya mtihani usimuwekee 0, weka alama ya kutokuwepo ambayo mfumo wako unatumia. Ukiweka 0 unashusha wastani wa darasa zima na mwalimu wa somo anaitwa ofisini kujieleza bure.

10. Fungua akaunti, kila mtu yake.

Hakuna "paswedi ya shule". Mwalimu wa somo aone maksi za somo lake, mwalimu wa darasa aone darasa lake, mhasibu aone ada, mkuu aone vyote. Akaunti ya juu kabisa wawe nayo watu wawili, basi. Mwalimu akihama ifunge siku hiyohiyo. Kama mfumo una uthibitisho wa pili wa simu uwashe, hasa kwa hao wawili. Desemba 2024 PowerSchool ya Marekani, moja ya kampuni kubwa duniani kwenye hii biashara, iliingiliwa kwa kutumia paswedi iliyoibiwa, mtu akapita kwenye mlango wa huduma kwa wateja akachota taarifa za wanafunzi na walimu wa Marekani na Kanada. Sasa wewe paswedi yako ni jina la shule na 2024.

Na kupiga picha skrini ya matokeo yenye majina na picha za watoto ukarusha kwenye grupu au kwenye ukurasa wa shule, acha. Kenya Septemba 2023 ofisi ya kulinda data iliipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 za kwao kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

11. Meseji kwa wazazi.

Anza na namba tano za walimu wenyewe. Jina la mtumaji, yaani lile jina la shule linalotokea badala ya namba, linahitaji kuidhinishwa kwanza, kwahiyo liombe mapema usisubiri siku ya matokeo.

Meseji moja ya kawaida ni herufi 160. Lakini ukiwa na alama moja tu ambayo haipo kwenye orodha ya kawaida ya simu, ile ’ iliyopinda ndio namba moja, meseji nzima inahama mtindo na inakuwa na nafasi 70, na ikizidi hapo inakatwa vipande vya 67. Piga hesabu. Umeandika herufi 150, wazazi 600, ilitakiwa iwe meseji 600. Umekopi kutoka Word "ng’ombe wa sherehe ya mahafali", imekuwa vipande vitatu kila mzazi, 1,800. Salio linaisha kabla ya mkondo B na mnasema kampuni imeiba. Chapa hapohapo kwenye mfumo, usikopi.

12. Mwisho wa mwaka pandisha madarasa kuanzia juu.

Naiweka hapa japo ni ya Desemba, maana mkishafika huko hamnikumbuki. Kwanza pakua bakapu ya kila kitu kwa Excel, weka kwenye flashi, flashi weka kabatini. Alafu toa kidato cha nne kwenda wahitimu. Ndio upandishe cha tatu kwenda cha nne, cha pili kwenda cha tatu, cha kwanza kwenda cha pili. Ukianzia chini, cha kwanza wanaingia kwenye cha pili ambacho bado kina watu, ukipandisha tena wanakwenda wote pamoja, ukimaliza shule nzima ipo kidato cha nne. Wanaorudia darasa watoe pembeni kabla.

UKIKWAMA

"Nimepandisha 58 imeingiza 51." Mfumo mwingi unatoa faili la makosa baada ya kupandisha, lipakue ulisome, linataja mstari na kolamu. Kama halipo angalia jina la darasa kwanza, kisha tarehe zilizolala kushoto. Usipandishe faili lote tena, wale 51 watakuwa 102. Pandisha saba tu waliobaki.

"Mwanafunzi ametokea mara mbili kwenye mfumo." Usifute haraka. Angalia yupi ana malipo na maksi, huyo abaki. Mifumo mingi ina sehemu ya kuunganisha, kama huioni uliza. Ukifuta mwenye risiti, risiti zinaweza kwenda naye.

"Templeti inasema kosa mstari wa 413 na mimi nina watoto 412." Mstari wa 1 ni vichwa, kwahiyo wa 413 ni mtoto wako wa mwisho, angalia seli zake. Kama kosa lipo wa 414 kwenda mbele kuna nafasi imebaki kwenye seli tupu, chagua mistari yote ya chini, bonyeza kulia, Delete, sio kitufe cha kufuta cha kibodi.

"Mzazi mmoja hapati meseji, wengine wanapata." Mwombe akutumie meseji yeye, uone namba inayotokea. Mara nyingi ni laini ya zamani.

"Hakuna mzazi anayepata." Salio la meseji, au jina la mtumaji halijaidhinishwa.

"Mtoto hana division." Hesabu masomo yake yenye maksi. Yakiwa chini ya saba mfumo hauna cha kujumlisha. Mara nyingi mwalimu wa somo moja hajaingiza, na huwa anajulikana.

"Maksi nilizoingiza zimepotea." Umeme ulikatika kabla hujabonyeza hifadhi, au uliingiza kwenye mtihani wa muhula wa kwanza na unaangalia wa pili. Angalia hilo la pili kabla hujamlaumu TANESCO.

"Mfumo haufunguki." Jaribu kwa bando la simu. Ukifunguka shida ni intaneti ya shule. Usipofunguka kwa yote mawili piga kampuni, na ukipiga sema umeona maneno gani kwenye skrini, yasome yote mpaka mwisho. "Imegoma" hainisaidii.